Meli Iliyozamishwa na Sinema

Ziko sinema chache sana za Hollywood ambazo mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika aweza kuzitazama akasema, "Hapa pananihusu." Mojawapo ni The African Queen, yaani Malkia wa Afrika, iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951. Ni sinema ya mapenzi, tena ya zamani. Wengi wa wasomaji wa jarida hili walizaliwa baada yake. Hata hivyo naiandikia leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mzizi wa hadithi yake ni vita vilivyopiganwa juu ya maji haya haya yapigayo ukingo wa Rumonge. Ya pili ni kwamba nimepata kuitazama pamoja na watu wa Rumonge wenyewe, na maoni yao yamenifunza mengi kuliko yale niliyopata kuyasoma kwa wahakiki wa mbali.

Yafaa kwanza tuikumbuke hadithi, kwa ajili ya wale wasioifahamu. Sinema hii ilitokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester, iliyochapishwa mwaka 1935. Mambo yanaanza mwezi wa Septemba 1914 katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Samuel Sayer, mmisionari wa Kiingereza, na dada yake Rose wanaishi katika kijiji kando ya mto. Charlie Allnut, fundi wa mashine na mpenda pombe, huwaletea barua na bidhaa kwa mashua yake kuukuu ya mvuke, ambayo ndiyo iitwayo African Queen. Vita vinapofika, askari wa Kijerumani wanakichoma kijiji na kuwachukua watu wake. Samuel anashikwa na homa, anakufa. Wanabaki wawili. Ndipo Rose anapotoa shauri ambalo Charlie analiona kuwa ni wazimu mtupu: wateremke na mto mpaka ziwani, wakaizamishe meli ya Wajerumani iitwayo Louisa, inayolitawala ziwa lote. Njiani wanapita mbele ya bunduki za ngome, wanapita maporomoko, wanapata ruba na homa. Wanagombana, wanapatana, wanapendana. Katharine Hepburn ndiye aliyecheza Rose. Humphrey Bogart alicheza Charlie, na kwa kazi hiyo akapata tuzo ya Oscar, ya pekee aliyoipata maishani mwake.

Sisi walimu wachache tuliionyesha katika ukumbi mmoja wa mjini, siku za mwezi mpevu. Siku hizo tulizichagua kwa makusudi. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa kuwasha taa juu ya maji ili samaki wazifuate. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, nao hupumzika. Hivyo wavuvi wakaja, wakaja wauzaji wa mawese, wazee wa msikitini, wanakwaya, wanafunzi na mafundi. Kwa kuwa maneno ya sinema ni ya Kiingereza, mimi nilikuwa mkalimani: nasimamisha picha, naeleza kwa Kiswahili, kisha naiachia iendelee.

Kazi hiyo ya ukalimani ndiyo iliyozaa mjadala wa kwanza. Kwa sehemu kubwa ya hadithi, Charlie humwita Rose kwa jina la heshima ambalo Waingereza humpa mwanamke asiyeolewa, naye Rose humwita "Bwana Allnut". Wako wawili tu ndani ya mashua nyembamba, wamelowa, wamechafuka, wanaepa risasi, lakini heshima haivunjwi. Kisha mapenzi yanaingia. Na baada ya kuingia, ndipo Rose anapomwuliza mwenzake jina lake la kwanza. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Bibi mmoja wa makamo, mwuzaji wa mawese, akasema kwamba hawa wenzetu wamesafiri njia iliyo kinyume na yetu. "Sisi," akasema, "huanza kwa jina. Nilimjua mume wangu kwa jina lake tangu utotoni. Siku nilipomzalia mtoto wa kwanza jina lile likafa, akawa Baba Fulani, naye akaniita Mama Fulani. Wao mapenzi yao huwatoa katika heshima yakawaleta katika jina. Ya kwetu hututoa katika jina yakatupeleka katika heshima."

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, lakini sijapata kusikia mtu akieleza tofauti hiyo kwa uwazi namna ile. Mtu aweza kudhani kwamba kutafsiri ni kutafuta neno hili liwe badala ya lile. Hapa maneno yote yalikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuonyesha kwamba kuitwa "Charlie" tu, bila "Bwana", ni zawadi kubwa kwa watu wale, wakati kwa watu wetu kuitwa jina tupu na mkeo kungekuwa kama kuvuliwa kofia mbele ya wageni.

Bibi yule yule aliisifu sinema kwa jambo ambalo vijana hawakuliona. Alipenda kwamba wapenzi wenyewe si vijana. Kwa hakika mwaka ule wa 1951 Hepburn alikuwa na umri wa miaka 44, na Bogart miaka 51, wala sinema haikujaribu kuwaficha uzee. Uso wa Charlie una mikunjo na ndevu za siku nyingi. Rose amekauka kwa jua. "Picha nyingi," akasema, "hutuonyesha mapenzi ya watu ambao hawajawahi kuchoka. Hawa wamechoka." Nilipomwuliza ni wapi hasa alipoyaona mapenzi yao, sikutegemea jibu lake. Hakutaja pale wanapobusiana. Alitaja pale mashua ilipokwama katika mafunjo, Charlie akaingia majini kuivuta, akatoka mwili mzima umejaa ruba, akatetemeka kwa kinyaa huku Rose akiwatoa kwa chumvi. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, akarudi majini. "Pale ndipo," akasema. Akina mama wote waliafiki.

Hawakuafikiana juu ya pombe. Wasomaji walioiona sinema watakumbuka jinsi Charlie anavyolewa na kumtukana Rose, na jinsi Rose, mwenzake akiwa amelala, anavyofungua chupa moja baada ya moja na kuimwaga pombe yote mtoni. Wanawake walipiga makofi. Baadhi ya wanaume, nao ni watu wasioonja pombe kabisa, walinung'unika kwamba mali ya mtu haimwagwi bila idhini yake, hata ikiwa haramu. Mzee mmoja wa msikitini aliwakata kauli: kilichomwagwa ni kile kilichokuwa kikimzuia mtu yule kuwa mtu, na mwenye shukrani angekwisha kumshukuru Rose asubuhi ile ile.

Mzee huyo alikuwa na swali lake mwenyewe kuhusu ndoa. Mwisho wa sinema, Rose na Charlie wamekamatwa, wamehukumiwa kifo, kamba ziko shingoni mwao. Charlie anamwomba nahodha wa Kijerumani awafungishe ndoa kabla ya kuwanyonga, naye nahodha anakubali. "Walii wa bibi huyu ni nani?" akauliza mzee. Ndugu yake amekufa, baba hayupo. Kijana mmoja akajibu kwa haraka kwamba asiye na walii, mwenye mamlaka husimama badala yake, na pale melini mwenye mamlaka alikuwa nahodha. Mzee akatabasamu, akasema kwamba mwenye mamlaka aozeshaye kwa mkono mmoja na kunyonga kwa mkono wa pili, sheria yake haijaandikwa bado. Tulicheka, lakini nafikiri mzee alikuwa ameugusa utamu wenyewe wa sinema ile, maana inajua kuchanganya jambo la kuchekesha na jambo la kutisha katika pumzi moja.

Wavuvi na mafundi waliitazama kwa jicho jingine. Fundi mmoja wa mashine za boti alikaa mbele kabisa, na kila mashine ya mvuke ilipoonekana aliomba nisimamishe picha. Mhimili wa rafadha ulipopinda na kipande cha rafadha kukatika, na Charlie na Rose wakawasha moto ufukoni ili kuunyoosha, nilimtazama fundi nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema kwamba kazi ile ni ngumu sana, lakini si uongo. Naye amepata kuona mambo magumu kuliko hayo yakifanyika pwani kwa nyundo na makaa. Alichokikataa ni kwamba mtu mmoja ajuaye kazi namna ile angekuwa hana hata mwanafunzi mmoja. "Fundi asiye na kijana wa kumshikia spana," alisema, "si fundi wa Afrika."

Maneno hayo, yaliyosemwa kwa mzaha, yaliufungua mjadala mkubwa wa siku ile. Mvuvi mmoja, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alisema kwamba jambo lililomsumbua ni ziwa lenyewe. Wapenzi wanapotoka katika mafunjo na kuliona ziwa, wanaona maji na meli ya adui, basi. Hakuna mtumbwi. Hakuna wavu. Hakuna moshi ufukoni, wala mtoto anayechota maji, wala mwanamke anayeanika dagaa. "Ziwa hili," alisema, "halijapata kuwa tupu hata siku moja tangu Mungu aliumbe."

Niliwaeleza kwamba maji waliyoyaona si ya Tanganyika. Huston na wenzake walipiga picha katika Mto Ruiki huko Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na huko Uganda, iliyokuwa chini ya Waingereza, upande wa Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Sehemu nyingine zilitengenezwa studioni London. Mwenzangu anayefundisha jiografia akaongeza kwamba hata mto wa hadithi una mushkeli. Forester aliuita Ulanga. Ulanga ni mto wa kweli katika Tanzania, lakini maji yake huingia Rufiji, na Rufiji huenda Bahari ya Hindi. Mtu akiufuata hataliona ziwa letu kamwe. Mto mkubwa ambao kwa kweli hutoka upande ule na kuingia Tanganyika ni Malagarasi. Mvuvi alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akasema kwamba hata Ziwa Albert lina wavuvi.

Hapo mwanakwaya mmoja akasimama. Yeye alirudi kwenye mwanzo wa sinema, pale Samuel anapoongoza wimbo wa kanisa, Rose akipiga kinanda, na waumini Waafrika wakitoa sauti za ovyo zisizo na maneno wala tuni. Jambo hilo limewekwa ili lichekeshe. "Nimeimba katika makanisa mengi ya pwani hii na ya milimani," alisema. "Nimewahi kusikia mahubiri mabaya. Sijapata kusikia kwaya ya Warundi isiyoweza kuimba." Hakuna aliyecheka. Na msichana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa kimya mpaka saa ile, akauliza swali fupi: "Mwalimu, wale watu wa kijiji waliochukuliwa na askari, walikwenda wapi?"

Sinema haisemi. Kijiji kinaungua, watu wanaswagwa, na tangu dakika ile mpaka mwisho hatuwaoni tena. Hadithi imekwisha kupata watu wawili inaowataka. Lakini historia yasema. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918, majeshi yote ya Waingereza, ya Wabelgiji na ya Wajerumani yalitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Walibeba risasi, unga, vitanda vya maofisa, na majeruhi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa, mbali na kwao. Kila msafiri anayefika Dar es Salaam hukanyaga kumbukumbu yao bila kujua, kwani jina la Kariakoo latokana na Kiingereza cha kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Nilimweleza msichana hivyo. Akaandika katika daftari lake.

Alisimama mwanafunzi mwingine, kijana mwerevu, akaitetea sinema, na haki yanidai niyaandike maneno yake. Alisema kwamba tunaidai hadithi hesabu kama vile ni karani wa forodha. Forester hakuandika historia. Hata ziwa lake alilipa jina la kubuni. Yeye alitaka kueleza jinsi mwanamke aliyekandamizwa na maisha ya kanisa la kaka yake na mwanamume aliyekandamizwa na chupa wanavyoamka na kuwa watu wazima. Kama angeanza kutuonyesha kila mvuvi na kila mpagazi, hadithi ingezama kabla ya mashua. Tena, alisema, sisi wenyewe katika ngano zetu tunapomsimulia Sungura na Fisi hatuulizi wanyama wengine wa pori walikwenda wapi.

Hoja hiyo ni nzito, nami nakubaliana na nusu yake. Hadithi ina haki ya kuchagua. Lakini kuchagua kuna namna zake. Ngano ya Sungura haichomi pori mwanzoni ili Sungura na Fisi wapate nafasi ya kuzungumza. Sinema hii iliwaleta watu wa kijiji, ikawatumia kwa kicheko, ikawatumia kwa moto, kisha ikawasahau. Na ziwa ikalimwaga watu kama Rose alivyomwaga pombe. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 1935 London, na mwaka 1951 Hollywood, mtu wa Tanganyika hakuwapo mezani, kwa hiyo na lake halikuwapo.

Lake ni lipi basi? Ni ile meli. Hapa niliwaomba watazamaji wavumilie kidogo, nikawasimulia.

Meli ya kweli iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913. Baada ya kuundwa ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Ikaungwa upya, ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915. Urefu wake ni kama mita 70. Wajerumani walikuwa pia na meli mbili ndogo, Hedwig von Wissmann na Kingani, na kwa hizo waliwazuia Wabelgiji wa Kongo wasivuke. Waingereza wakaleta mashua mbili za mashine, Mimi na Toutou, chini ya afisa mmoja aitwaye Geoffrey Spicer-Simson. Mashua hizo zilitoka Rasi ya Tumaini Jema kwa reli, zikaburutwa porini kwa magari ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, zikaelea juu ya Mto Lualaba, mpaka zikafika ziwani upande wa Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Katika mwaka ule ule bendera ya Wajerumani ilishuka Burundi, ikapanda ya Wabelgiji. Kwa hiyo vita vya ziwani havikuwa mchezo wa wageni peke yao. Vilikuwa sehemu ya yale yaliyoamua nani angetutawala hadi mwaka 1962.

Na Graf von Götzen? Spicer-Simson hakuishambulia. Riwaya ya Forester yasema mashua ya wapenzi ilizama katika dhoruba kabla haijafanya lolote, na meli ya Wajerumani ikazamishwa na mashua za Waingereza. Sinema yasema dhoruba iliizamisha African Queen, lakini mabomu aliyoyatengeneza Charlie yakabaki mbele yake, na Louisa ikaja ikayagonga yenyewe, kamba zikiwa bado shingoni mwa maarusi. Kweli yenyewe haikufanana na mojawapo ya hizo. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakiiacha Kigoma, waliizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe, karibu na mahali Malagarasi inapoingia ziwani. Lakini mafundi, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake grisi nzito kila mahali, ili maji yasiushike ule chuma. Walitumaini kurudi.

Fundi wa boti alipiga goti lake kwa kiganja. "Huyo ndiye fundi," alisema. "Huyo ndiye mwenye mapenzi."

Wajerumani hawakurudi. Wabelgiji waliiibua meli, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua mara nyingine, wakakuta mashine bado nzima, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika kuwa ni la sehemu ya kusini ya ziwa hili. Tangu hapo, kwa miaka mingi sana, ilibeba abiria na mizigo baina ya Kigoma na Mpulungu, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati ili mitumbwi iizunguke. Sinema iliizamisha mwaka 1951. Na mwaka huo huo yenyewe ilikuwa ikipita na magunia ya dagaa.

Nilifikiri nimemaliza. Lakini mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, aliomba nafasi. Alisema yeye Liemba anaijua. Katika machafuko ya mwaka 2015 alikimbia na watoto wake hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa baina ya ziwa na milima karibu na mpaka wetu. Walikuwa maelfu kwa maelfu juu ya ufuko mwembamba, na kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa ni maji. Meli iliyokuja kuwachukua na kuwapeleka Kigoma, mamia kwa kila safari, ilikuwa ni Liemba. Meli haikuweza kusogea ufukoni. Waliifuata kwa mitumbwi, wakapandishwa kwa mikono. "Mwaka 1972 mama yangu alivuka kwa mtumbwi," alisema. "Mimi nilivuka kwa chuma hicho. Sikujua kwamba kulikuwa na watu huko Ulaya ambao furaha yao ni kuiona imezama." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka jambo lirekebishwe katika kitabu.

Sidhani kwamba baada ya maneno hayo sinema imekuwa mbaya. Naipenda kama nilivyoipenda. Bogart anapoiga sauti za viboko na nyani ili kumchekesha Rose, nacheka kila mara; na Rose anapokata tamaa katika mafunjo, akamwomba Mungu, na mvua ya mbali ikaujaza mto na kuinyanyua mashua wakati wao wamelala, hupata kitu kooni. Watu wa Rumonge nao waliyapenda hayo, wala hawakuombwa kuchagua baina ya mapenzi ya Rose na kweli ya ziwa lao. Walivichukua vyote viwili. Walichokikataa ni kuambiwa kwamba kile cha kwanza kinatosha.

Lakini sisi walimu tunalo deni ambalo mtengeneza sinema hana. Forester alitaka mwisho wa riwaya, Huston alitaka mwisho wa sinema, na kila mmoja alipata meli ya kuizamisha. Hadithi ya meli iliyopakwa grisi, ikaibuliwa mara mbili, ikaja kuwapakia wakimbizi wa Kagunga, haimo katika riwaya ile wala sinema ile. Wanaoijua kwa mikono na miguu yao wanaongea Kiswahili, wako Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma, Uvira na Kalemie, nao wanazeeka. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa madarasani mwetu. Lakini mara nyingi tunawapa watoto insha juu ya faida za maji na hasara za ulevi, wakati babu aliyepakia mizigo melini anaishi nyumba ya tatu.

Wiki iliyofuata niliwapa wanafunzi wangu kazi ya insha yenye kichwa kimoja tu: watu wa kijiji kilichochomwa walikwenda wapi. Niliwaambia wasibuni kabla ya kumwuliza mzee mmoja nyumbani kwao. Daftari zilizorudi hazikuwa na mapenzi mengi, wala tahajia yake haikuwa ya kujivunia. Lakini katika daftari zote, bila mimi kuagiza, ziwa lilikuwa na mitumbwi.